"Tumeshinda" au "wameshinda"? Kazi ya kuandikia timu ya besiboli ugenini

Anayeandikia timu huanza kusumbuliwa na kiambishi. Tumeshinda, au wameshinda? Mwandishi wa gazeti hana tabu hiyo. Kwenye chumba cha waandishi uwanjani, hasa Marekani, kushangilia ni mwiko, na anayepiga makofi hutazamwa kama mtu aliyecheka msibani. Lakini yule anayelipwa na klabu yenyewe ili aandike taarifa za mechi kwenye tovuti, makala za jarida la timu, karatasi za takwimu wanazogawiwa wanahabari kabla ya mchezo na maneno mafupi ya mitandaoni, akiandika "wameshinda" bosi wake atamuuliza ni akina nani hao.

Sasa mtu huyo mvushe bahari. Mpe mshahara kwenye klabu ya nchi asiyozaliwa, aandike kwa lugha yake kwa ajili ya mashabiki wa mbali. Je, hiyo ni nafasi ya kukimbilia au mtego? Nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa jazba, na kila upande una hoja. Kinachonishangaza ni kwamba wabishani karibu wote huzungumzia uhuru wa kalamu peke yake, kana kwamba mwandishi huyo hana pasipoti.

Kwanza, kwa nini kazi hizi zipo. Wachezaji wamevuka mipaka, na wasomaji wamewafuata. Shohei Ohtani, nyota wa besiboli kutoka Japani, aliposaini Dodgers mwezi Desemba 2023, mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, klabu ya Los Angeles ilipata mashabiki wapya Japani kwa usiku mmoja. Machi 2024 Dodgers walifungua msimu Seoul dhidi ya Padres, na Machi 2025 wakaufungua Tokyo dhidi ya Cubs. Klabu ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa lugha moja. Kabla ya hapo, kuanzia 2016, klabu zote 30 za Ligi Kuu ya Marekani zilitakiwa kuwa na mkalimani wa Kihispania wa kudumu, baada ya wachezaji wenyewe kulalamika kwamba wanajibu maswali kwa lugha wasiyoimudu. Kuna mkondo wa kurudi pia: timu 12 za ligi ya kulipwa ya Japani na 10 za Korea Kusini husajili wachezaji wa nje, na ndugu na mashabiki wa wachezaji hao wanataka kujua kinachoendelea huko.

Wanaoipenda kazi hii huanza na jambo la wazi, kwamba unaandika kila siku. Msimu wa Japani una mechi 143 kwa kila timu, wa Korea 144, wa Marekani 162. Japani na Korea Jumatatu kwa kawaida ni mapumziko. Siku zilizobaki kuna mpira. Sijui shule nyingine ya uandishi inayompa mtu mazoezi ya namna hiyo, na mshahara juu yake.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Wanauliza: huo uhuru mnaotuambia tuulinde uko wapi? Mwaka 2023 The New York Times, gazeti lenye jina kuliko yote Marekani, lilivunja dawati lake la michezo na kuiachia kazi hiyo The Athletic, tovuti liliyoinunua mwaka uliotangulia kwa dola milioni 550. Mwaka 2016 shirika la habari la AP lilianza kutoa taarifa za mechi za ligi ndogo za besiboli zinazotungwa na kompyuta kutoka kwenye takwimu. Magazeti yanapunguza watu na mashine inaandika matokeo. Anayebaki akimlipa binadamu ili aandike kwa kirefu kuhusu kijana wa miaka 19 anayejifunza kurusha mpira unaopinda hewani ni klabu ya kijana huyo.

Tena, wanasema, ukuta kati ya mwandishi na klabu haukuwahi kuwa mrefu kama tunavyosimuliwa. Kwa miongo mingi klabu za Marekani ziliwalipia waandishi wa magazeti nauli, hoteli na chakula timu iliposafiri. Japani, Yomiuri Giants ni mali ya kampuni ya gazeti la Yomiuri, na Chunichi Dragons ni mali ya gazeti la Chunichi. Gazeti linamiliki timu na gazeti hilohilo linairipoti. Chama cha waandishi wa besiboli cha Marekani, kilichoanzishwa 1908 na ambacho wanachama wake ndio hupiga kura za mchezaji bora na za kuingia Ukumbi wa Mashujaa, kiliwakatalia kwa miaka waandishi wa MLB.com kwa sababu tovuti hiyo ni mali ya ligi. Mwaka 2015 kikawafungulia mlango. Sijaona dalili kwamba kura zimeharibika kwa sababu yao.

Hapo nakubaliana nao karibu kwa yote. Nitaongeza hoja ambayo wao hawaisemi vya kutosha: mgeni huona. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mara nyingi mwenyeji hapati nafuu mpaka mtu wa nje amuulize kwa nini mambo yanafanyika hivi. Tuseme unaandikia wasomaji wa nje kuhusu Hanshin Tigers. Mwaka 1985 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Japani, na mashabiki waliofurika Osaka wakawa wanaruka kwenye mfereji wa Dotonbori mmoja mmoja, kila anayeruka akifananishwa na mchezaji fulani. Alipofika zamu yake Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu aliyekuwa nguzo ya timu, hawakupata mtu wa kufanana naye. Wakang'oa sanamu ya Kanali Sanders mbele ya duka la kuku wa KFC wakaitupa majini. Miaka ikapita bila ubingwa, watu wakasema ni laana ya Kanali. Sanamu iliopolewa 2009. Ubingwa ulirudi 2023, baada ya miaka 38.

Mwandishi wa Kijapani akiandika neno "Kanali" tu, msomaji wake ameshaelewa. Mwandishi mgeni lazima asimulie, na katika kusimulia ndipo makala yenyewe inazaliwa. Vivyo hivyo sare. Japani mechi isiyoamuliwa baada ya awamu 12 huandikwa sare na watu wakaenda nyumbani, jambo ambalo shabiki wa Marekani hulisoma mara mbili akidhani ni kosa la uchapaji. Kuna pia neno la Kijapani la mchezaji wa kigeni, "suketto", yaani mtu aliyeitwa kuja kusaidia. Anasifiwa akisaidia, na asiposaidia anafungasha. Mwandishi mgeni akilielewa neno hilo vizuri, atakuwa ameelewa pia mkataba wake mwenyewe.

Na mkataba ndio unaonifanya nisite.

Niuonyeshe ugumu kwa karibu. Usiku wa kawaida, timu iko ugenini, inaongoza 3–1 kuingia awamu ya tisa, ya mwisho. Mwandishi wa klabu ana mafaili mawili wazi kwenye kompyuta, moja la kushinda na jingine la kushindwa, maana taarifa inatakiwa hewani dakika chache baada ya mpira wa mwisho. La kushinda limekamilika, limebakiza jina la mrushaji atakayefunga mechi. Wenyeji wanaweka watu wawili kwenye besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvipitia ili apate pointi. Mpira wa nne wa mpigaji anayefuata unavuka uzio, na wote watatu wanapata pointi. 4–3, mechi imekwisha, uwanja unalipuka. Pembeni yake mwandishi wa gazeti anafuta alichokuwa ameandika na kuanza upya: meneja alimwacha uwanjani mrushaji aliyechoka. Mwandishi wa klabu anafungua faili la pili, na sentensi yake ya kwanza inamsifu mpigaji kijana aliyefika besi mara tatu usiku huo. Hakuna aliyesema uongo. Ila msomaji wa faili la pili analala bila kujua kwa nini timu yake imepoteza mechi.

Hilo ni dogo, linavumilika. MLB.com kwa miaka mingi ilikuwa ikiweka chini ya taarifa zake mstari unaosema kwamba habari hiyo haikupitishwa kwanza na ligi wala klabu, na waandishi wake wengi waliutumia mstari huo kuandika makosa ya meneja bila kuogopa. Shida inakuja siku ambayo habari si ya mpira.

Oktoba 2019, Houston Astros walipokuwa wakisherehekea kuingia fainali, msaidizi mmoja wa meneja mkuu alipiga kelele kuwaelekea waandishi watatu wa kike, akimsifu mrushaji ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefungiwa mechi 75 kwa sheria za ukatili wa nyumbani. Mwandishi wa jarida la Sports Illustrated aliyekuwapo akaandika alichokiona na kukisikia. Klabu ikatoa tamko ikisema makala hiyo inapotosha na kwamba imetunga habari isiyokuwapo. Siku chache baadaye klabu ilimfukuza msaidizi huyo, ikalifuta tamko na kuomba radhi.

Mimi humfikiria mtu aliyeketi akaandika lile tamko. Sijali ni nani. Najua tu kwamba ndani ya klabu kuna mtu ambaye kazi yake ni maneno, na kwamba siku kama hiyo simu hulia kwenye meza ya mtu wa namna hiyo. Novemba ya mwaka huohuo ikafichuliwa kwamba klabu hiyohiyo ilitumia kamera kuiba ishara za siri ambazo wapinzani hupeana kabla ya kurusha mpira, mwaka 2017, msimu ilipotwaa ubingwa. Mwezi Januari 2020 ligi ikaitoza faini ya dola milioni 5. Habari hiyo nayo ilitoka nje, The Athletic, kwa mrushaji aliyekuwa ameshahama.

Mwandishi mzawa anayeambiwa aandike tamko la uongo anaweza kukataa, akapoteza kazi, akarudi kwao jioni hiyo akiwa na hasira na begi lake. Mgeni anapoteza na nchi. Marekani, mwenye viza ya kazi ya H-1B amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Kazi ikiisha ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, vinginevyo afungashe. Viza ya wanahabari haimsaidii, kwa kuwa ni ya wanaofanyia kazi vyombo vya habari vya nje. Mwandishi wa klabu, mbele ya sheria ya uhamiaji, hahesabiwi kuwa mwanahabari. Japani ni afadhali kidogo: kibali cha ukaazi kwa kazi za lugha na uandishi kinafuata aina ya kazi, hakimfuati mwajiri. Ukiacha klabu unatakiwa kuarifu uhamiaji ndani ya siku 14, na ukikaa miezi mitatu bila kazi inayolingana na kibali chako, kinaweza kufutwa. Angalau hapo mtu ana pumzi.

Kwa hiyo wanaosema "kila mwandishi ana bosi, tofauti iko wapi?" hawajahesabu vizuri. Kwa mgeni huyu, anayelipa mshahara ndiye anayetoa habari, na ndiye aliyemwombea ruhusa ya kuishi anapoishi. Ukila na kipofu usimshike mkono, walisema wahenga. Hapa kipofu ana sahani, ana ufunguo wa mlango na ana karatasi zako.

Suala la lugha nitalipitia haraka. Wanaoogopa kazi hii husema mgeni atategemea wakalimani na atadanganyika. Ni kweli mkalimani anaweza kukushika pabaya: wa Ohtani alifukuzwa Machi 2024, timu ikiwa Seoul, na baadaye ikathibitika mahakamani kwamba alimwibia mteja wake karibu dola milioni 17. Lakini hilo lilimpata mchezaji tajiri, akiwa na mawakala na wahasibu. Mwandishi hana mali hiyo ya kuibiwa, na dawa yake ni ya kawaida, ajifunze lugha. Siioni kuwa hoja ya kumzuia mtu.

Ningeombwa ushauri na rafiki aliyepewa nafasi hii, ningemwambia aende, lakini kwa misimu miwili, na akiba ya tiketi ya kurudi isiguswe. Aombe iandikwe kwenye mkataba kwamba yeye ni mwandishi wa makala na taarifa za mechi, na kwamba matamko ya klabu yanaandikwa na idara nyingine. Klabu nyingi hazitakataa, maana zinalichukulia kama mgawanyo wa kazi tu. Na kwenye usaili, wakimaliza maswali yao na kumpa zamu, asiulize kuhusu nyumba wala likizo kwanza. Aulize: siku mchezaji wetu akikamatwa na polisi, tovuti yetu itaandika nini, na nani ataandika? Kisha amtazame yule wa idara ya mawasiliano. Akijibu palepale, hata kama jibu ni "mistari miwili tu, na si wewe", basi walishawahi kulifikiria. Akicheka na kusema kwamba hapa mambo hayo hayatokei, rafiki yangu ashukuru kwa chai.