Usiipige msasa bunduki ya Mreno

Wakusanyaji wa bunduki kuukuu za jeshi huku Marekani ninakoishi wakikutana, ubishi huwa ule ule: Mauser 98 ya Mjerumani au Lee-Enfield ya Mwingereza? Ya kwanza hubeba risasi tano, ya pili kumi, na bolti (komeo la kuingizia risasi) ya Mwingereza ni nyepesi kiasi kwamba unaikoki bila kuishusha begani. Kwa wepesi, mimi naipa Lee-Enfield. Ila kwetu sisi tuliotoka Tanzania, ubishi huo umeziruka bunduki mbili.

Moja ni Mauser ya 1871. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki, waliingia nayo Vita vya Kwanza vya Dunia 1914: milimita 11, risasi moja moja, baruti nyeusi. Ukifyatua, moshi unapanda juu ya kichaka ulichojificha na adui anajua pa kulenga. Jedwali la shabaha halikuonyeshi hilo. Ndiyo maana bunduki walizoteka kwa Waingereza pale Tanga, Novemba mwaka huo, zilikuwa neema.

Nyingine ni Mauser-Vergueiro ya Mreno, ya 1904, milimita 6.5. Wengi huipita mezani bila hata kuishika. Mimi naipenda kuliko zote. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akiwa ameishiwa, akaivamia kambi ya Wareno Negomano, Msumbiji, na zaidi ya nusu ya jeshi lake likabadili silaha kwa zilizotekwa. Mwaka mmoja kamili baadaye, walipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, bunduki walizoweka chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Anayetaka kuijua bunduki ya askari wa Mjerumani na asimtazame Mreno, kaishika habari nusu.

Sidai kwamba yangu ilifika Negomano. Mtutu wake ulibadilishwa kuwa wa milimita 7.92, kama zilivyofanywa nyingi mwishoni mwa miaka ya 1930. Kinachoniuma ni kitako. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikipiga msasa, akakipaka vanishi ya kung'aa. Mihuri imekwenda, michubuko ya safari imekwenda. Imebaki nembo juu ya chemba, pale risasi inapokaa: taji, na chini yake herufi za mfalme Carlos wa Kwanza. Msasa hauwezi chuma, nashukuru.

Ninapoilaza kando ya Lee-Enfield yangu ya 1916, tofauti inanitia uchungu. Ile haijaguswa. Mbao zake ni nyeusi kwa jasho na mafuta, na namba zinasomeka. Nakusihi wewe unayenunua: kitambaa, mafuta kidogo ya kitani, basi. Usiongeze kitu.

Juzi nilifungua kifuniko cha shaba kitakoni mwa Lee-Enfield hiyo. Kichupa cha mafuta kimo, na kamba ya kusafishia mtutu bado imekunjwa vizuri kama alivyoiacha mtu wa mwisho.