Imani ya Kikristo inampa mtu nguvu au inamlaza?

Watu wanabishana sana kama Ukristo unamjenga mtu au unamdumaza, na kila upande unashika mfano wake mmoja unang'ang'ana nao hapo hapo. Mi naona wote wana kaukweli kao, ila ishu sio kuamini au kutokuamini, ishu ni hii, mtu akipatwa na jambo imani yake inamtuma afanye nini?

Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kuwawazia watu wake mawazo ya amani. Uko kwenye stika, kwenye stetasi, kwenye kadi za mahafali. Wengi wanausoma kama ahadi ya mwaka huu huu, kazi inakuja, ndoa inakuja, we tulia tu. Sasa rudi nyuma kidogo utakuta hiyo ni barua kwa watu waliotekwa wakapelekwa Babeli, na wanaambiwa itachukua miaka 70, yani wengi waliosomewa ile barua wangefia huko huko. Na kabla ya ahadi yenyewe wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji wa hao hao waliowateka. Ukiishi na barua nzima unakuwa mtu wa kupanda miti ambayo labda hutakula matunda yake, ukiishi na mstari mmoja unakuwa mtu wa kusubiri. Biblia ile ile jamani.

Wanaoisifia imani hawadanganyi. Mtu anayeamini maisha yake yako mikononi mwa Mungu akifiwa au akifilisika anaumia kama wengine lakini hajioni kaisha thamani, na hilo sio dogo. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na barua yenyewe imejaa furaha. Alafu kuna kuamini kwamba kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, hilo ndo liliwasukuma kina mbunge William Wilberforce kule Uingereza wakapigana miaka karibu 20 bungeni mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku 1807. Ila tuseme yote, wenye mashamba ya watumwa nao walikuwa na Biblia, wakishikilia Waefeso 6:5 inayowaambia watumwa watii.

Upande wa pili, mwanafalsafa Karl Marx mwaka 1844 aliita dini afyuni ya watu, yani dawa ya kulevya inayotuliza maumivu (wanaomnukuu huwa wanaruka kwamba hapo hapo aliiita pia kilio cha anayeonewa). Na mwaka huo huo Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walikuwa wanamngoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba, wengine wakaacha hata mazao shambani bila kuvuna. Wala haikuwa mara ya kwanza, kanisa la Wathesalonike nako kulikuwa na watu hawafanyi kazi, ndo Paulo akawaambia asiyetaka kufanya kazi na asile.

Mimi binafsi uvivu haunisumbui kama lawama. Mtu ana kansa, amelala, hata maji hayapiti, anakuja mpendwa wa kanisani anakaa pembeni ya kitanda anamuuliza taratibu kama kuna dhambi hajatubu, au kama imani yake imepungua. Anauliza kwa upendo kabisa, ndo mbaya zaidi, maana mgonjwa anabaki na ugonjwa na kesi juu yake. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri siku 7 za kwanza walipokaa kimya, walipofungua midomo wakaanza hayo hayo, na mwisho Mungu akawakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura. Na Yesu alipogusia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu alikataa kabisa kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Ila wasioamini nao wasicheke, nao wanamwambia aliyefeli maisha kwamba hakujituma, ni hukumu ile ile wameondoa tu jina la Mungu.

Kuhusu kukubali mapenzi ya Mungu, inategemea unakubali nini. Kukubali kifo cha mzazi ambacho hakirudi nyuma, hapo imani inasaidia kweli. Lakini kuna mke anapigwa ndani kila wiki, anaenda kwa mchungaji, anaambiwa vumilia mama huo ndo msalaba wako. Msalaba anaoutaja Yesu kwenye Luka 9:23 mtu anajitwika mwenyewe kwa kuamua kumfuata, kipigo cha mume yule mama hakukiamua. Hapo sioni pande mbili za kupima, anahitaji polisi na mahali salama pa kulala leo, maombi yaendelee akiwa huko.