Ngozi ina umeme wake, lakini mkunjo si kidonda

Ukisoma maelezo ya vifaa vya kulainisha uso kwa umeme, hutakawia kukutana na namba moja: asilimia 500. Mkondo mdogo wa umeme, wanasema, huongeza nishati ya seli kwa asilimia 500. Seli yenye nishati hutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Ngozi yenye kolajeni haikunjamani. Namba hiyo imewanufaisha wauzaji, na imewapa madaktari wengi wa ngozi sababu ya kucheka. Naona pande zote mbili zimeitendea vibaya, na aliyeumia zaidi ni mtu asiyetajwa sana katika ubishi huu: mwenye kovu.

Tuanze na namba yenyewe, maana haikuzushwa. Mwaka 1982 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipitisha umeme unaokwenda upande mmoja katika ngozi ya panya, kuanzia maikroampea 10 hadi 1,000. Maikroampea ni sehemu moja ya milioni ya ampea, na kwenye viwango vya chini kabisa mtu huwa hasikii chochote. Waliona ATP, ile molekuli ambayo seli huitumia kama fedha taslimu kulipia kazi zake, ikipanda hadi kufikia hiyo asilimia 500, na utengenezaji wa protini nao ukaongezeka. Mkondo ulipozidi maikroampea 1,000, faida ikayeyuka. Jaribio lilikuwa zuri. Lilichapishwa katika jarida la madaktari wa mifupa, watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuponya, wala hawakuwa na habari na urembo.

Sasa itazame tena, polepole. Ilikuwa ngozi ya panya, tena ya maabara. Haikuwa imechomwa na jua kwa miaka arobaini, wala haikuwa kipaji cha uso kinachokunjwa kila mwenye nacho anaposhangaa. Protini iliongezeka kwa kiasi kidogo zaidi kuliko ATP, na shughuli za DNA hazikubadilika. Mambo hayo mawili hayajapata kuandikwa juu ya boksi la kifaa. Halafu ATP yenyewe si kitu cha kuwekwa akiba. Mwili wa mtu mzima, kwa wakati wowote ule, una ATP isiyozidi takriban robo kilo, lakini kwa siku moja huivunja na kuiunda upya mara nyingi kiasi kwamba jumla yake hukaribia uzito wa mwili wote. Kumwambia mtu kwamba ATP yake imepanda ni kama kumwambia mkulima kwamba maji ya mto yamepanda. Atakuuliza ni shamba gani limenyweshwa. Kutoka ATP hadi kolajeni mpya kuna safari, na kutoka kolajeni mpya hadi mkunjo kupungua kuna safari nyingine. Asilimia 500 haijaifanya hata moja.

Hapo ndipo wanaocheka hufunga faili. Nadhani wanalifunga mapema mno, kwa sababu wanachokicheka ni tangazo, na chini ya tangazo hilo kuna elimu ya kweli ambayo wengi wao hawajaipa nafasi.

Ngozi ni betri. Hapa sisemi kwa mafumbo. Seli za tabaka la juu husukuma chembe za sodiamu zenye chaji kutoka nje kwenda ndani bila kupumzika, na kwa kuwa tabaka lenyewe linabana vizuri, chaji haiwezi kurudi kirahisi. Matokeo yake ni tofauti ya makumi ya milivolti kati ya nje na ndani, ndani kukiwa upande chanya. Ukijikata, umelitoboa tabaka linaloshikilia chaji ile, na mkondo unaanza kutiririka kuelekea kwenye jeraha. Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliupima mwaka 1843 kwa kujikata kidole mwenyewe, akapata karibu maikroampea moja. Kwa zaidi ya karne watu wakauona kama kioja tu.

Baadaye ikaonekana kuwa ni amri. Mwaka huohuo wa 1982, vipimo kwenye ngozi ya simbilisi vilionyesha kuwa pembeni mwa jeraha kuna nguvu ya umeme ya karibu milivolti 140 kwa kila milimita, nguvu inayofifia kadiri unavyoenda mbali na jeraha. Seli za ngozi zikiwekwa katika nguvu ya namna hiyo hutambaa kuelekea upande hasi, ambao katika jeraha halisi ni katikati ya kidonda. Zinajua pa kwenda. Mwaka 2006, kundi lililoongozwa na Min Zhao lilichapisha katika jarida la Nature kazi iliyobainisha jeni zinazoshiriki kusikia amri hiyo, na ikaonyesha jambo linalonishangaza hadi leo: ukigeuza mwelekeo wa umeme kwenye maabara, seli huacha kuziba pengo na kurudi nyuma. Umeme unazishinda dalili nyingine. Kisha mwaka 2011 vipimo kwa watu vikaonyesha kuwa nguvu hiyo karibu na jeraha la mzee ni karibu nusu ya ile ya kijana. Kwa hiyo wazo la kuiongezea ngozi iliyozeeka kidogo cha ule umeme uliopungua si la kitapeli hata kidogo. Ni wazo ambalo daktari yeyote mdadisi angelifikia mwenyewe.

Na limeshafanyiwa kazi. Bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, iliamua mwaka 2002 kulipia tiba ya umeme kwa aina kadhaa za vidonda sugu, vikiwemo vya kulala kitandani muda mrefu na vya kisukari, endapo matibabu ya kawaida ya siku 30 hayajaleta nafuu. Mashirika ya bima hayana desturi ya kulipia ushirikina. Ila kuna sharti: tiba itolewe na mtaalamu, na mgonjwa kujitumia kifaa nyumbani bila usimamizi hakulipiwi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walitengeneza bendeji inayozalisha umeme kutokana na mwendo wa mwili wenyewe, na majeraha ya panya yakafunga kwa siku 3 badala ya 12. Kweli, panya hufunga majeraha zaidi kwa kuivuta ngozi, tofauti na sisi, kwa hiyo siku hizo 3 zisihamishwe kwa binadamu kama zilivyo. Hata hivyo tofauti ile si ya kupuuzwa.

Basi kama umeme wafanya yote haya, kwa nini nisite kwenye mikunjo? Kwa sababu kila nilichokitaja kinahitaji tundu. Mkondo wa jeraha upo kwa kuwa tabaka limetobolewa. Seli hutambaa kwa kuwa kuna pengo la kuziba. Mkunjo hauna pengo. Ngozi iliyokunjamana ni ngozi nzima, betri yake haijatobolewa, na juu yake kuna tabaka kavu la seli zilizokufa linalouzuia umeme kupenya, ndiyo maana vifaa hivi vinadai upake jeli kwanza. Ushahidi wa kidonda umevalishwa mkunjo, na nguo haimtoshi.

Kuna kingine kinachonichekesha kidogo. Dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa ajili ya mikunjo ya kati ya nyusi, Botox, inafanya kazi kwa kuinyamazisha misuli. Vifaa vya umeme vinauzwa kwa ahadi ya kuifanyisha misuli mazoezi. Sehemu moja ya uso haiwezi kuponywa kwa kulegezwa na kwa kukazwa vilevile. Wenye vifaa hujibu kwamba mashavu si kipaji, na hapo wana hoja: shavu lililolegea linaweza kufaidika na msuli ulionenepa. Jaribio la wanawake 108, lililochapishwa mwaka 2012, lilipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti unene wa msuli unaotuwezesha kutabasamu, na baada ya wiki 12 ukawa umeongezeka kwa asilimia 18.6 kwa waliotumia kifaa. Nalikubali hilo. Lakini kifaa kile kilikuwa cha kuukaza msuli mpaka ukaze kweli, si cha mkondo ule usiosikika, na aliyepima unene wa msuli hajapima mkunjo.

Yule anayejitazama kwenye kioo dakika tano baada ya kutumia kifaa na kuona tofauti, haongopi. Amepaka jeli, na jeli hulainisha mistari midogo. Amesukuma uso kuelekea juu kwa mkono, na maji yaliyojikusanya chini ya ngozi yamesogea. Jaribu kufanya hivyohivyo kifaa kikiwa kimezimwa.

Wenye shaka wana silaha yao pia, tena nzito. Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka wapendavyo. Hakuna kifaa cha umeme cha nyumbani kilicho na jaribio la ukubwa huo. Kuhusu kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kinachotajwa kwenye matangazo, vifaa vya kundi hili kwa kawaida hupita kwa njia ya kuonyesha kwamba vinafanana vya kutosha na kifaa kilichokwisha kuruhusiwa. Hilo halina uzito sawa na kuthibitisha kuwa mikunjo inapungua.

Turudi kwa mwenye kovu, ambaye nilisema ndiye aliyeumia. Kovu ni kidonda ambacho hakijamaliza kazi. Kwa miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi, seli bado zinaweka kolajeni, zinaibomoa na kuipanga upya, na hata mwisho wake kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali. Kama kuna mahali umeme ungeweza kupata seli zilizo macho, ni hapo. Mwaka 2010 watafiti wa Manchester waliripoti kuwa wagonjwa wachache wenye makovu yaliyovimba, yanayouma na kuwasha, walipata nafuu ya maumivu na mwasho baada ya tiba ya umeme. Ni utafiti mdogo. Lakini kuwashwa na kovu usiku kucha ni shida ambayo mtu asiye na kovu hawezi kuikadiria, na nafuu ya namna hiyo ilistahili kufuatiliwa kwa pupa kuliko mstari wa pembeni mwa jicho.

Matokeo yanayovutia zaidi yako kwa panya tena. Kundi lililomhusisha Alexander Golberg, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Tel Aviv, lilitibu makovu ya kuungua kwa mapigo mafupi ya umeme: mapigo 200, kila moja la sehemu 70 za milioni ya sekunde, vipindi vitano vilivyoachana siku 20. Eneo la kovu lilikuwa dogo kwa asilimia 57.9 kuliko la makovu yasiyotibiwa. Mapigo huua baadhi ya seli na kuacha kiunzi cha ngozi kimesimama, ili seli mpya zikijaze upya. Sasa sikiliza kiwango: mamia ya volti. Si mkondo mpole. Neno "mpole" katika mada hii limegeuka kapu la kila kitu. Maikroampea zisizosikika na mapigo yanayotoboa utando wa seli yanatiwa humo pamoja, na anayenunua ya kwanza anahesabiwa matunda ya ya pili.

Kuhusu usalama sina mengi. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa, mwenye kifafa, mjamzito na mwenye saratani eneo husika wasitumie. Wengine hatari yao kubwa ni mfuko.

Kinachonikera ni kisingizio cha kukosa ushahidi. Husemwa kuwa ni vigumu kulinganisha kifaa halisi na cha kuigiza. Kwa tiba nyingi ni kweli: mgonjwa hutambua kisu, sindano, joto. Lakini mkondo wa chini namna hii hausikiki! Kifaa kilichozimwa na kilichowashwa ni kitu kimoja mkononi. Sijui tiba nyingine ya ngozi iliyo rahisi hivi kuifanyia jaribio la haki, na bado tunauziwa picha za kabla na baada.

Na kovu ndilo linaloongeza urahisi. Mshono mrefu wa upasuaji unaweza kugawanywa katikati: nusu ipate mkondo, nusu ipate kifaa kilichokufa, mgonjwa asijue ipi ni ipi, na anayepima baada ya mwaka asijue pia. Mtu mmoja, ngozi moja, jeraha moja la siku moja. Ukipata mia mbili wa kujitolea una jibu, na kwa idadi ya watu wanaoshonwa kila wiki, mia mbili hawawezi kukosekana.