Mkopo wa Ghuba na malori ya Malaba

Takriban asilimia 90 ya mafuta ya Uganda hushukia Mombasa. Husukumwa na bomba hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu, kisha malori huyavusha Busia na Malaba. Ugomvi wa Kenya na Uganda uliozuka 2023 juu ya mafuta hayo, basi, unatuhusu huku magharibi mwa Kenya, hata kama uamuzi wake ulifanyika mbali na sisi.

Kenya ilikuwa imebanwa na uhaba wa dola. Shehena ya mafuta ilitakiwa kulipwa ndani ya siku 5. Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kampuni za mafuta za serikali za Saudi Arabia, Abu Dhabi na Dubai, zikakubali kulipwa baada ya siku 180. Shilingi ikapata pa kupumulia, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila mkopo una bei yake. Nyongeza huwekwa juu ya kila tani, na muuzaji wa Kampala, aliyenunua kupitia kampuni za Kenya, aliibeba bila kuulizwa.

Museveni akaja juu: madalali wanatukamua. Shirika la mafuta la Uganda, UNOC, likapewa haki ya kuagiza peke yake, likisaidiwa na Vitol, kampuni kubwa ya biashara ya mafuta iliyoanzia Rotterdam. (Dalali ameondoka, dalali amekuja.) Kenya ikalinyima UNOC leseni kwa masharti yaliyotungiwa kampuni za ndani, kama vile kuwa na vituo vya petroli nchini. Kampala ikaenda mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, huku ikizungumza na Tanzania kuhusu njia nyingine. Nairobi ikalegea. UNOC ilianza kuagiza Julai 2024.

Wapo wanaosema wageni ndio waliotugombanisha. Sikubaliani nao kikamilifu. Aliyeshika koki ya jirani hapaswi kukopa kwa niaba yake kimyakimya, awe anakopa Riyadh au kwingine. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika 2018, likakaa miaka bila kazi kwa kuwa kituo cha kupokelea upande wa Uganda hakikuwa tayari. Hapo hakukuwa na Mwarabu wala Mzungu wa kulaumiwa.

Mgeni hata hivyo ana faida ambayo sisi hatuna: anaweza kuhama. Uganda ikihamia Tanga, Vitol itaelekeza meli zake huko. Bomba la Kisumu halihamishiki.