Kinachopoteza watu Shinjuku si umati

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema wageni hupotea kituo cha treni cha Shinjuku, Tokyo, kwa sababu abiria ni wengi mno, zaidi ya milioni 3 kwa siku. Hapo simuungi mkono. Watu wapo kweli, saa mbili asubuhi unasukumwa na umati hadi ngazini, lakini kila mtu anashika upande wake na mambo yanakwenda. Tatizo ni kwamba pale si kituo kimoja bali vituo vya kampuni tano za treni vilivyoungana: JR East, Odakyu, Keio, Tokyo Metro na Toei, kila kampuni ina mageti yake, na milango ya kutokea inapita 200. Ukikosea geti, kadi imeshakatwa hela na wewe unaanza kulizunguka jengo. Kabla ya Julai 2020 hata kutoka mashariki kwenda magharibi bila kuingia ndani ya mageti ya JR kulikuwa shughuli. Ile njia pana ya miguu waliyofungua mwezi huo, kati ya pande hizo mbili, imetupunguzia sana. (Halafu kuna Seibu-Shinjuku, jina karibu lile lile, kumbe ni kituo kingine kabisa!) Ukishakuwa ndani ya JR mbona rahisi: reli ya 13 na ya 14 ziko jukwaa moja, unashuka treni ya njano ya laini ya Chuo-Sobu, hatua chache, unapanda ya kijani ya laini ya Yamanote kwenda Shibuya. Na hiyo milioni 3 ni hesabu za makampuni zikijumlishwa, kwa hiyo anayetoka Keio kuingia JR anahesabiwa kote kuwili. Mnaopita pale kila siku, tangu jengo la duka kubwa la Odakyu lifungwe 2022 ili libomolewe, mnatokea geti gani kuwahi mabasi ya upande wa magharibi?