Kaeni Posta kwanza, London haikimbii

Wadogo zangu wa Mlimani hunitumia ujumbe unaofanana: "Shikamoo kaka, nimemaliza shahada ya kompyuta, nifanyeje nami nije huko?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia wakae Dar kwanza, miaka mitatu hivi, wavumilie mshahara wa kuungaunga, halafu ndiyo tuongee habari za viza.

Mimi nilianzia kwenye kampuni ndogo ya ushauri wa mifumo ya benki, pale Posta. Tulikuwa watu saba. Wiki ya pili tu bosi akanipeleka kwa mteja na kunitambulisha kama "mtaalamu wetu". Mtaalamu gani, wakati hata kufunga siku nilikuwa sijakuona! Kwa asiyejua: kila usiku mfumo wa benki hupiga riba, hukata makato, hulinganisha vitabu, kisha hufungua tarehe mpya. Ukikwama saa nane usiku, asubuhi keshia hana cha kufanya na wateja wamejaa mlangoni. Nimeshalala kwenye mazulia ya ofisi za watu nikisubiri asilimia zifike mia.

Halafu ikaja Julai 2021 na tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi unachotuma. Nchi nzima inalalamika, sisi tuna siku chache za kuingiza jedwali lile kwenye mfumo wa mteja. Jaribio la mwisho nililifanya kwa simu yangu mwenyewe, namtumia mama Tanga elfu moja moja. Ya sita ilipoingia akapiga: "Mwanangu, hizi elfu moja moja ni za nini? Kama umeishiwa si useme tu." Septemba tozo ikashushwa kwa asilimia 30, tukalifungua jedwali upya, na mfumo ukaanza kutoa majibu yenye senti. Senti, Tanzania hii! Usiku ule nilijifunza kuhusu hesabu za fedha mambo ambayo darasani sikuyasikia.

Sasa niko Canary Wharf, mtaa wa mabenki hapa London. Mradi wetu una watu zaidi ya mia, tunahamisha ujumbe wa malipo wa benki kutoka muundo wa zamani wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana ujumbe wa malipo, kwenda ISO 20022, muundo mpya wa kimataifa unaoipa kila taarifa nafasi yake. Kipande changu mimi ni anwani. Anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, basi, na huu ni mwezi wangu wa tano nikifanya hiyo tu. Kila badiliko lina tiketi, yaani ombi lililosajiliwa kwenye mfumo, lina mtu wa kulikagua, na lazima lipite kikao cha Alhamisi. Ukiikosa Alhamisi, subiri nyingine.

Siwabezi. Nilipoharibu kitu mwaka jana hakuna aliyenifokea; tuliandika kurasa mbili za nini kilitokea na nini kibadilike, jina langu halimo. Kule kwetu mfumo ukianguka tunaanza kwa kutafuta mchawi. Hilo natamani tungeliiga kesho asubuhi.

Lakini siku moja kwenye kikao walitaka jina la mtaa liwe la lazima. Nikawauliza: mama yangu hadi leo barua zake hupitia sanduku la posta la shule aliyofundisha, je, mtaa nijaze upi? Kimya. Nafasi ya mtaa ikabaki ya hiari, mji na nchi ndivyo vya lazima. Swali lile nililitoa Tanga, si London.

Fedha? Ukiugeuza mshahara kuwa shilingi, unaweza kuzimia. Usigeuze. Kodi ya chumba na nauli ya treni navyo ni vya paundi, na ada ya afya ya wahamiaji ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, unailipa yote kwa mkupuo unapoomba. Viza yenyewe imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha una kama siku 60 za kupata mwingine au ufungashe. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nabishana na bosi Posta mpaka tunasusiana chai, huku nahesabu siku kabla ya kufungua mdomo.

Kuna jambo moja bado linanichoma. Enzi za Posta niliwahi kumwambia mteja asihamie mfumo mpya mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia. Hakuna aliyenisikiliza. Wakamleta mtaalamu kutoka Ulaya, siku tatu, hoteli ya baharini, akasema hilohilo, wakalipitisha palepale.

Mwezi uliopita nimeunganishwa kwa video na benki moja ya Afrika Mashariki. Nimetambulishwa: mtaalamu wetu kutoka London. Nikasema, msihame mwisho wa mwezi. Meza nzima ikainama kuandika, isipokuwa kijana mmoja wa pembeni kabisa. Yeye hakushika kalamu. Alikuwa anamtazama bosi wake.