Muheme ni mali ya nani?

Prodyuza wa Dodoma mjini akitaka ladha ya Kigogo kwenye biti yake, hana haja ya kwenda mbali. Anapakua video ya kinamama wa Chamwino wakipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, anakata sekunde chache, anatia besi, wimbo unatoka. Kinamama hawaulizwi, na jina la kijiji chao halionekani popote.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Muheme haukutungwa na mtu mmoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sasa bibi aliyeanzisha muheme ni nani, tuanze kumhesabia? Isitoshe, ngoma isiyoguswa na vijana hufa. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki 2003, aliuchukua muziki wa Wagogo akaufikisha hadi Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza, na sijasikia Mgogo aliyemwita mwizi.

Ila Zawose alipiga mwenyewe, akaimba mwenyewe. Kuazima mdundo ni jambo moja, kukata sauti ya mikono ya wanawake fulani, waliorekodiwa siku fulani, ni jingine kabisa. Hao ni wasanii waliotumbuiza, na hakishiriki, yaani haki ya anayetumbuiza kazi hata kama hakuitunga, iliwekwa kwa ajili ya watu kama wao. Kauli ya “ngoma ni ya wote” hutumika sana kuifunika tofauti hii.

Tena kuna la YouTube. Mfumo wake hulinganisha sauti, na aliyesajili wimbo anaweza kudai mapato ya video nyingine yenye sauti ileile. Kikundi cha kijiji kikipandisha video yake, kinaweza kujikuta kinadaiwa na aliyewachukulia. Huo sasa si ushirikiano.

Mwongozo wa 1982 wa UNESCO na WIPO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya utamaduni na ya hakimiliki, kuhusu sanaa za jadi unataka jamii au mahali ilikotoka sanaa patajwe. Lakini anayeazima ili atunge kazi mpya unamwachia huru: haombi kibali, wala halazimiki kutaja. La kibali naliafiki. Kijana wa Mvumi apange foleni ofisini kuomba ruhusa ya mdundo wa bibi yake? Upuuzi. La kutotaja silikubali, maana kuandika “muheme, Chamwino” chini ya video hakumgharimu mtu hata senti.

Wengine watauliza: nikitaka kulipia hiyo sauti, nimpe nani? Kinamama ni wengi, na hela ikipitia kwa mwenyekiti huenda ikaishia hapohapo. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, vikundi vya wanawake vijijini vinavyokopa kutoka ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo vina usajili, katiba na akaunti ya benki. Kikundi cha ngoma nacho kinaweza kujisajili hivyo. Kwa rekodi mpya, makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya kuwasha kamera yanatosha. Zile za zamani zilizokwisha sambaa ndizo ngumu, na hapo sioni njia isiyo na manung’uniko.